Shavu la Kamrunisa

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Vyombo vya daku vimeshaoshwa, sala imeshasaliwa, na katika chumba cha chini cha nyumba yao, Bi Kamrunisa anavua miwani, anaifunga kwenye ncha ya mtandio wake na kugeuza uso pembeni.

"Piga," anasema.

Hatua nne mbele yake amesimama Tabassum, mke wa mwanawe. Mkononi ana tufe jekundu, ukubwa wa ndimu. Analigeuzageuza kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

"Mama, leo nitupe begani?"

"Begani kwa nani? Siku ya Holi watu wanapigana mabega? Piga, Bi Harusi, mkaa unakufa."

Tabassum anatupa. Tufe linapasukia kwenye shavu la kushoto la mama mkwe wake kwa sauti ndogo, na unga mwekundu unatimka mpaka kwenye nyusi. Kamrunisa hafungui macho. Anasikiliza shavu lake.

"Linauma."

"Sana?"

"Hapa hakuna sana wala kidogo. Linauma. Yeyusha."

Tabassum anachochea mkaa. Matufe thelathini na matano aliyoyapuliza jana, bado matupu, hayajatiwa rangi, anayakusanya kutoka kwenye ungo na kuyarudisha sufuriani. Yanalainika, yanainama, yanakuwa tope jeusi. Kazi ya siku nzima ya mwanamke aliyefunga imekwisha kabla jua halijatoka. Leo ni Jumamosi. Zimebaki siku tano kufika Alhamisi, na Alhamisi ndiyo inayomnyima usingizi kila mtu katika nyumba hii.

Matufe haya wenyewe huyaita gulal gota. Ni maganda ya lakiri, ile ile iliyokuwa ikifungia barua za serikali. Lakiri hukandwa na ulimbo, ikachomwa juu ya seredani, jiko dogo la mkaa, ikabandikwa kwenye mdomo wa mrija, kisha ikapulizwa huku vidole vikiuzungusha, mpaka iwe nyembamba kama ganda la nje la kitunguu. Ndani hutiwa unga laini wa rangi, tundu likazibwa. Kazi yake ni ya siku moja tu kwa mwaka, siku ya Holi, Wahindu wanaposherehekea kwa kupakana rangi. Unamrushia mtu, linapasuka, anabaki mwekundu na anacheka.

Na wanaoyatengeneza ni Waislamu. Hapa Jaipur jambo hilo halimshangazi mtu. Wazee wa kichochoro hiki cha bangili husimulia kwamba mfalme aliyeujenga mji aliwaita mafundi kutoka mji wa zamani wa mlimani na kuwagawia njia, kila fani na njia yake: wachonga mawe kule, wapiga chapa vitambaa kule, Wamanihari, watengeneza bangili za lakiri, hapa. Mwaka mzima wakawa wanawavika bangili wanawake wa mji, na ilipokaribia Holi wakawa wanampulizia mfalme matufe. Mfalme alitoka juu ya tembo, vikapu viwili ubavuni, akipita sokoni akiwarushia raia.

"Bibi mkwe wangu aliona kwa macho yake," anasema Kamrunisa. "Alikuwa akisema watu walisimama wameinua mashavu, kama wanaongoja mvua. Aliyepigwa na mkono wa mfalme hakunawa siku tatu. Ndiyo maana tufe lazima liwe jepesi. Mfalme hawezi kumwumiza mtu kwa mchezo. Akitaka kuumiza, ana mahakama."

Wafalme wamekwenda. Jumba lao leo lina dirisha la tiketi. Makabaila waliokuwa wakipanda farasi nyuma ya tembo wanakodisha vyumba vya baba zao kwa wageni, na siku ya Holi huwawekea wageni hao ngoma, vitamu na rangi uani. Kuta za mji bado hupakwa ile rangi yake ya waridi, lakini chini ya kuta hizo, mahali palipouzwa lakiri, panauzwa bangili za kioo zinazokuja kwa lori na vifuniko vya simu vinavyokuja kwa meli.

Kamrunisa aliolewa hapa akiwa na miaka kumi na saba. Sasa ana sitini na minne. Wakati ule kichochoro kilikuwa na seredani zaidi ya arobaini. Leo anazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kinabaki. Kasha la matufe sita huuzwa rupia mia mbili na hamsini, na kilo ya lakiri imepita elfu moja. Katika msimu mzuri nyumba hii hupata rupia mia sita kwa siku. Miezi mingine ni bangili, na bangili ni riziki ya kupapasa.

Mumewe alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Kifua. Sasa kifua hicho hicho kimemfikia yeye. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake kwenye taa, akamwuliza amekaa na moshi wa mkaa miaka mingapi. Alipojibu, daktari alizima taa.

"Aliniambia, mama, kuanzia leo usipulize hata mshumaa," anasema, na kucheka kunamletea kikohozi. Anangoja kipite. "Pumzi za mja zimehesabiwa. Za kwangu nyingi nimeziacha ndani ya matufe. Sijutii. Zimepasuka watu wakicheka."

Basi kazi ya kupuliza ikamwangukia Tabassum. Ana miaka ishirini na tisa na watoto wawili, lakini kichochoro kizima bado humwita Bi Harusi, kama alivyoitwa siku aliyoshuka kwenye gari kutoka Tonk. Kwao Tonk hawajui lakiri. Baba yake alikuwa fundi saa. Alikuja na mikono safi na woga mwingi wa moto.

Fundi wa lakiri ana desturi moja asiyoiacha. Kabla rundo la matufe halijatiwa rangi, moja hutiwa, na yule aliyelipuliza humpiga nalo shavuni mwalimu wake. Mwalimu akisema haliumi, rundo linatoka. Akisema linauma, rundo lote linarudi sufuriani. Mizani haiwezi kusema neno hilo, wala jicho. Ni shavu tu.

Kisha likatokea la mwaka jana.

Siku kumi na nane kabla ya Holi, baba yake Tabassum alifariki kwa ghafla. Tabassum alikwenda msibani, akakaa siku nne, akarudi kwenye seredani macho yamevimba. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kupuliza peke yake. Asubuhi ya kupima alimpiga mama mkwe wake shavuni, na tufe likagonga kama kokoto.

"Nilimtazama," anasema Kamrunisa. "Alikuwa amesimama pale pale, amekonda kama uzi, ananingoja nitamke. Nikajiuliza, yatima huyu wa juzi nimwongezee na hili? Nikasema, haliumi. Nikashusha mtandio, nikafunika shavu, nikaendelea kukanda."

Matufe mia tano yakaenda kwa mjane wa kikabaila, Thakurani Umrao Kanwar, ambaye nyumba yake imekuwa ikichukua mzigo wa nyumba hii tangu enzi za tembo. Siku ya Holi, katika vurugu la ua, tufe moja lilimpata kitukuu wake wa miaka mitano juu ya jicho. Lilimchana. Damu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa damu, na nyusi ilivimba siku nne.

"Mungu alilisitiri jicho," anasema Kamrunisa. Halafu anasema tena, polepole, kama anayehesabu tasbihi. "Mungu alilisitiri jicho."

Hakuna aliyekuja kulalamika, na hilo lilimchoma zaidi. Januari, mwezi ambao mjumbe huja na agizo, mjumbe hakuja. Alikuja siku ya pili ya Ramadhani hii, mlinzi mzee wa lango, akakataa hata kuketi.

"Bibi Mkubwa anasema Alhamisi kabla ya Holi mje na matufe kumi na mawili," alitangaza. "Yawe ya pumzi ya Kamru mwenyewe. Yakifaa, atachukua. Yasipofaa, mwaka huu nyumba itatumia maputo."

Usiku ule ule, baada ya tarawehe, Kamrunisa alimwita Tabassum na kumweleza habari ya shavu na neno alilolisema mwaka jana. Tabassum hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi sijawahi kupuliza tufe zuri hata moja?"

"Bado," mama mkwe wake alimjibu.

Ndiyo maana asubuhi hizi hakuna sana wala kidogo.

Mwanawe Kamrunisa, Sajid, anauza masanduku ya safari karibu na kituo cha treni. Si mtu mbaya. Amemzika baba aliyekufa akikohoa na sasa anamsikia mama usiku kupitia ukuta. Kuna mfanyabiashara wa vifuniko vya simu anayekitaka chumba hiki cha chini kwa rupia elfu tisa kwa mwezi, na Sajid ameshampimia ukuta kwa ajili ya rafu. Wamekubaliana na mama yake hivi: agizo la nyumba kubwa likirudi, seredani inabaki. Lisiporudi, baada ya Idi chumba kinatoka.

Jumapili jioni, wakingoja adhana mbele ya tende na bajia, anajaribu njia ya mkato.

"Mama, si useme tu ni ya kwako? Pumzi ina jina?"

"Ya kwangu ina kikohozi. Atakitafuta ndani."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, na wewe ndiye usiyetaka niseme kweli. Mwaka jana nilitamka neno moja tu la uongo, mtoto wa watu akatoka damu. Mwaka huu, tena na saumu mdomoni, nitamke la pili?"

"Basi chumba kitaondoka."

"Kikiondoka kitaondoka kikiwa safi. Nipe hiyo tende, adhana hiyo."

Ng'ambo ya njia, Munni Apa, muuza bangili za kioo, naye ana lake. Kila asubuhi akifungua duka humwona Kamrunisa amekaa kizingitini na shavu jekundu.

"Wewe Kamru! Leo tena umepigwa na mkwe?"

"Nimepigwa."

"Dunia imegeuka. Mimi nilipigwa na mama mkwe, wewe unapigwa na mkamwana. Sisi wengine zamu yetu ya kupiga itafika lini?"

"Njoo, ana matufe thelathini na matano."

"Thubutu! Si umeyayeyusha? Harufu nimeisikia kutoka kitandani. Yeyusheni, yeyusheni, mtakula lakiri kwenye futari."

Lakini ni Munni huyo huyo anayemwagia maji njia ya mbele ili vumbi lisiingie kwenye ungo wa matufe, na hasemi.

Saumu yenyewe imekuwa mtihani wa pili. Mdomo mkavu haushiki mrija vizuri. Imamu wa msikiti wa kichochoro aliulizwa, akajibu kwamba kupuliza hakufunguzi, kwa kuwa pumzi inatoka, haiingii. "Ila rangi isishuke kooni," alionya. "Nisije nikawaona wa kijani kwenye safu." Kwa hiyo mchana wanapuliza tu, na rangi wanaitia baada ya futari, nyuso zimefungwa vitambaa.

Jumatatu linauma. Jumanne linauma.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Kamrunisa anasogeza kigoda chake karibu na seredani, jambo ambalo daktari amemkataza na Sajid amemkataza. Anamtazama Tabassum akipuliza matatu mfululizo. Mishipa ya shingo ya Tabassum imesimama.

"Unamfukuza nani?"

"Mama?"

"Unapuliza kama mtu anayefukuza mbwa. Unaogopa litakuwa nene, basi unalisukuma. Lakiri ikisukumwa inakimbilia ubavu mmoja. Huku kitunguu, huku kigae. Kila tufe lako lina shavu moja laini na moja la jiwe."

"Sasa nipulize kidogo?"

"Si kidogo. Kwa kipimo." Kamrunisa anachukua mrija, hauweki mdomoni, anaukumbatia tu kifuani. "Mama mkwe wangu alinifundisha hivi. Lakiri ikianza kung'aa, itoe motoni. Kisha Bismillahi moja, moyoni, si kwa ulimi, ndefu kama unavyoisema ukimlaza mtoto. Pumzi yako ianze nayo na iishe nayo. Isiongezwe, isipunguzwe. Halafu acha. Liache lijimalizie lenyewe."

"Lijimalizie?"

"Linaendelea kukua kidogo baada ya wewe kuacha. Hapo ndipo pagumu. Watu wote tunajua kupuliza, Bi Harusi. Kuacha ndiko kunakotushinda."

Tabassum anajaribu. La kwanza linapasuka kwenye mrija. La pili pia. La tatu linatoka limepinda kama biringani na wote wawili wanacheka mpaka Kamrunisa anashika mbavu, kikohozi kinamtupa ukutani, na Tabassum anaacha mrija kumshika mabega. Kinapotulia, mzee ana machozi.

"Endelea," anasema. "Nimekohoa, sijafa."

Jumatano alfajiri. Miwani, ncha ya mtandio, uso pembeni.

"Piga."

Tabassum anatupa. Unga unatimka. Kamrunisa anasikiliza shavu lake mpaka jogoo wa jirani awike mara mbili.

"Rudia."

Anatupa la pili, kwa nguvu zaidi. Kamrunisa anajipangusa nyusi.

"Haliumi."

Tabassum hasogei. Kisha anasema neno ambalo mkamwana wa kichochoro hiki hamwambii mama mkwe wake: "Mwaka jana pia ulisema hivyo, Mama."

Kamrunisa hakasiriki. Anachota maji kwa kiganja, ananawa shavu, anasimama chini ya taa na kuutupa mtandio nyuma kabisa.

"Njoo utazame mwenyewe."

Miaka minane wameishi nyumba moja, na Tabassum hajawahi kumgusa uso. Anakuja taratibu. Anapitisha vidole viwili shavuni, kwenye mikunjo, kwenye lile baka dogo la moto wa zamani, chini ya jicho. Anatafuta wekundu, uvimbe, chochote. Ngozi ni baridi kwa maji, na laini.

"Hakuna kitu," anasema. Anaegemeza kichwa begani kwake. "Mama, hakuna kitu."

"Nilikwambia. Sasa usinililie begani, rangi haijakauka."

Alhamisi, baada ya adhuhuri, wanavuka soko kwa riksho ya betri, kasha la matufe kumi na mawili mapajani mwa Tabassum kama mtoto mchanga. Kila riksho inaporuka shimo, Kamrunisa anamkaripia dereva: "Baba, taratibu, umebeba mayai ya mfalme!"

Thakurani Umrao Kanwar ana miaka sabini na minane. Amekaa uani kwenye kiti cha kamba, sari nyeupe ya ujane imefunika kichwa. Mbele yake kuna chai. Anapowaona wanaingia, anaisukuma pembeni na kumwashiria mtumishi aiondoe.

"Hii nyumba leo nayo imefunga," anasema. "Ketini. Kamru, umekonda."

"Ni mwezi mtukufu, Bibi Mkubwa."

"Ni kifua, usinidanganye."

"Ni kifua."

Nyuma ya kiti amesimama Devika, mke wa mjukuu wake, ambaye siku hizi ndiye anayeendesha shughuli za wageni. Yeye ndiye mama wa mtoto aliyechanika. Hajasalimu. Anaangalia kasha.

Umrao Kanwar ananyoosha mkono. "Haya. Ya pumzi yako?"

Tabassum anainamisha kichwa.

"Si yangu, Bibi Mkubwa," anasema Kamrunisa. "Mimi siwezi tena. Ni ya mkamwana wangu huyu, Tabassum. Na ya mwaka jana yalikuwa yake pia, lakini kosa la mwaka jana si lake. Yeye alinipiga shavuni, kama desturi. Liliuma. Mimi nikasema haliumi."

Devika anapiga hatua mbele. "Liliuma, ukanyamaza, ukamletea mwanangu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amefiwa na baba yake. Nilimwonea huruma."

"Na wangu je? Wangu hakustahili huruma?"

"Alistahili kuliko wote," anasema Kamrunisa. "Ndiyo maana nimekuja kusema kabla hujaligusa kasha. Sikuja kuomba agizo kwanza. Nimekuja kuomba radhi. La agizo litakuja nyuma, na lisipokuja, haki yenu."

Anataka kuinama miguuni pa Devika. Devika, aliyelelewa Mumbai na asiyezoea mambo haya, anamdaka viwiko kabla hajafika chini. Wanabaki hivyo, mmoja ameshikwa, mmoja ameshika, hakuna ajuaye la kufanya baadaye.

Ni Devika anayeamua. Anarudi nyuma hatua nne. Anavua miwani ya jua kichwani, anampa mtumishi. Anageuza uso.

"Nipige mimi," anamwambia Tabassum. "Mahali lilipompata mtoto. Juu ya jicho."

Tabassum anamtazama mama mkwe wake.

"Tupa kama unavyonitupia mimi," anasema Kamrunisa kwa upole. "Usiogope kwa ajili yake, wala usiogope kwa ajili yangu. Tupa."

Tufe linaruka. Linampata Devika juu ya nyusi na kutoweka. Mahali pake panabaki unga wa manjano unaoteremka polepole kwenye kope, na vipande vya ganda vyepesi mno hata vinachelewa kufika chini.

Devika hafungui macho. "Tena," anasema.

La pili, shavuni. La tatu, kwenye paji. Anapofungua macho amekuwa wa rangi tatu, na anajipapasa juu ya jicho.

"Kama mtu amenipulizia," anasema.

"Amekupulizia kweli," anajibu Kamrunisa, na kwa mara ya kwanza anawaeleza watu wa nyumba hii siri ya kipimo, ile Bismillahi moja inayokaa ndani ya kila ganda.

Umrao Kanwar anapiga kofi paja lake. "Kumbe miaka yote hii mmekuwa mkitupiga kwa dua! Marehemu mume wangu alikufa bila kujua. Ndiyo maana Holi ilikuwa siku pekee asiyogombana na mimi." Anavuta sari nyuma ya sikio. "Na mimi je? Mmeniruka? Shavu langu limezeeka, halijafa. Binti, njoo. Si wewe Kamru, wewe nakujua. Namtaka huyu."

Tabassum anampiga la kijani.

Agizo limerudi, ingawa si lote. Matufe mia tatu, si mia tano. Devika ameweka sharti kwamba watoto wachezee upande wao na wakubwa upande wao, na kwamba mwanawe asishurutishwe. Akitaka tufe, ataliomba mwenyewe. Kamrunisa ameona ni sharti la haki. Wakati wa kuondoka Umrao Kanwar amemwekea Tabassum mkononi, si Kamrunisa, kifurushi cha tende za kufuturia, na kumwambia mwakani mlinzi atakuja kumwulizia yeye kwa jina.

"Sasa wamejua jina lako," Kamrunisa anamtania kwenye riksho. "Kichochoro chetu ndicho kilichobaki."

Jioni, kabla ya magharibi, Tabassum anatawadha kwenye bomba la uani. Maji yanayoshuka kwenye mikono yana rangi mbili tatu za nyumba kubwa. Anayaangalia yakipotea kwenye tundu, kisha anakwenda kusali.

Wamebakiwa na siku sita za kupuliza matufe mia tatu. Baada ya Idi, kuna mipango. Wajane wawili wa njia hii wameomba kufundishwa, na Tabassum amesema atawafundisha ikiwa mama mkwe wake atakaa kando yake kwenye kigoda. Kamrunisa amekubali, kwa kuwa, kama anavyosema, "kufundisha hakuhitaji mapafu, kunahitaji shavu." Na malipo ya nyumba kubwa hayataliwa yote. Anataka bomba la kutolea moshi, lipande ukutani mpaka juu ya paa, rupia elfu kumi na nane amezitajiwa, ili kifua kilichomchukua mumewe na kilichomshika yeye kisimfikie Bi Harusi. "Hilo tu ndilo ninalomwomba Mungu mwaka huu," anasema. "Afike umri wangu, apande ngazi bila kupumzika."

Ijumaa alfajiri, Sajid ameamka mapema. Ameshika chaki na utepe wa kupimia, anafuta alama alizochora za rafu na kuchora nyingine, zinazopanda juu, kuelekea dari. Mama yake anamtazama. Anavua miwani na kuifunga kwenye ncha ya mtandio. Tabassum anasimama hatua nne mbele yake, tufe mkononi, na safari hii haulizi habari ya bega.

Kamrunisa anageuza uso, kisha anasita, anaugeuza upande wa pili.

"Leo tuanze la kulia," anasema. "La kushoto limeshakuzoea. Lisije likaanza kukudanganya."